Haibridi na gari la umeme Mbinga: kabla ya kununua, ulizia betri

Malipo ya kahawa yakishaingia, mazungumzo ya vijiweni Mbinga hugeukia magari. Miaka ya nyuma jina lililotajwa sana lilikuwa IST au Noah. Siku hizi kuna swali jipya: vipi Aqua? Vipi Prius? Watu wanasikia kwamba gari la haibridi halili mafuta, na hapo hapo wanasikia kwamba betri yake ikifa, umekwisha.

Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake. Kinachoyatenganisha ni umri na hali ya betri, kitu ambacho mnunuzi wengi hawakiangalii kwa sababu kimefichwa chini ya siti ya nyuma.

Aina tatu, watu huzichanganya

Haibridi ya kawaida, kama Toyota Aqua au Prius, ina injini ya petroli na mota ya umeme. Huichomeki popote. Betri yake inajichaji kwa injini na kwa breki: ukikanyaga breki au ukiachia mafuta mteremkoni, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri.

Aina ya pili ni haibridi ya kuchomeka. Ina betri kubwa kidogo, unaweza kuichaji nyumbani ukatembea kilomita kadhaa bila petroli, kisha injini inachukua kazi.

Ya tatu ni gari la umeme mtupu, mfano Nissan Leaf iliyoanza kuuzwa Desemba 2010. Hilo halina injini, halina oili ya kumwaga, halina bomba la moshi. Chaji ikiisha, limeisha.

Kuna pia Nissan Note ya e-Power, inayoleta mkanganyiko. Matairi yake yanazungushwa na mota tu, lakini umeme unatoka kwenye injini ya petroli iliyomo humo humo. Nayo haichomekwi.

Betri yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Kila anayenunua LUKU anajua uniti. Uniti moja ni kilowati-saa moja, na betri za magari hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Hii ndiyo njia rahisi ya kuzielewa.

Betri ya Aqua ya kwanza, iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2011, haifikishi hata uniti moja. Imeundwa kwa vipande 20 vilivyounganishwa na kutoa volti 144. Ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina vipande 28, volti 201.6, na uwezo wa uniti 1.3 hivi. Leaf ya kwanza ilikuwa na uniti 24, na baadaye zikaja za 30, 40 na 62.

Betri za Aqua na Prius hizo ni za nikeli, jamii ya zile betri ndogo za kuchajiwa za tochi na redio, isipokuwa zimepangwa nyingi. Za Leaf ni za lithiamu, jamii ya betri ya simu. Sony ndiyo iliyoanza kuuza betri ya lithiamu ya kuchajiwa mwaka 1991, na wanasayansi watatu waliofungua njia hiyo, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Mbinga mpaka Mbamba Bay: mtihani wa kweli

Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ina kilomita zipatazo 66. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko mita 470 na kidogo. Maana yake gari linaloshuka ziwani linapoteza kimo cha takriban mita 850, na kesho yake lazima likipande tena.

Chukua Aqua yenye abiria wanne, jumla kilo 1,350 hivi. Kushuka mita 850 kwa uzito huo ni nishati ya uniti tatu. Sehemu yake inaliwa na upepo na msuguano wa matairi. Inayobaki, kwenye miteremko mikali, ndiyo ambayo breki zingeigeuza kuwa joto la bure na haibridi inajaribu kuiokoa.

Tatizo ni pa kuiweka. Betri nzima haifiki uniti moja, na kompyuta ya gari haiiruhusu kujaa kabisa wala kuisha kabisa, ili isichoke mapema. Nafasi inayobaki ni chini ya nusu ya uniti. Ndiyo maana dereva wa haibridi anaposhuka kuelekea ziwani huona betri imejaa mapema, halafu injini inaanza kunguruma ilhali hajakanyaga mafuta. Wengi hudhani gari limeharibika. Hapana: betri haina tena pa kupokea, kwa hiyo gari linaizungusha injini ili isaidie kushika mwendo. Kwa mteremko mrefu, gia ya B kwenye Toyota imewekwa kwa kazi hiyo hiyo, na inafaa kuitumia kabla breki hazijapata moto.

Kurudi juu ni kinyume chake. Mota husaidia mwanzoni, lakini uniti isiyotimia haipandishi gari hadi Umatengo. Betri ikishuka, inabaki injini ya cc 1,500 ikipambana peke yake. Hapo ule usemi wa "halili mafuta" unapungua makali. Haibridi hubana matumizi zaidi mjini, kwenye simama-nenda, au kwenye vilima vifupifupi vya panda-shuka ambavyo Umatengo imejaa. Mlima mmoja mrefu hauipi faida hiyo.

Leaf je? Betri yake kubwa inaipa nafasi ya kumeza karibu kila kinachorudi mteremkoni. Shida ni kupanda. Tuseme ni ile ya uniti 24 iliyochoka na kubaki na asilimia 70. Hapo unabaki na uniti kama 17, na za kutumia kwa usalama labda 15. Kwa wastani wa uniti 15 kwa kilomita 100, Mbamba Bay hadi Mbinga inataka uniti 10 za safari, na juu yake nne hadi tano za kuinua gari na watu mita 850. Jumla inakaribia zote ulizonazo. Gari linafika Mbinga, ila linafika likiwa hoi.

Na Songea iko kilomita 100 hivi kutoka Mbinga. Kwa Leaf kuukuu ya namna hiyo ni safari ya kwenda, si ya kwenda na kurudi, isipokuwa una mahali pa kuchomeka ukifika.

Betri inachokaje?

Vitu viwili vinaiua: umri na joto. Kilomita huja baadaye.

Kwa Mbinga mjini na kata za juu kama Mapera, Maguu na Litembo, ubaridi ni neema. Betri iliyokaa miaka kumi kwenye baridi ya vilima hivyo ina nafasi nzuri kuliko iliyokaa Dar es Salaam au kando ya ziwa. Leaf za mwanzo ziliumia sana nchi za joto kwa sababu betri yao haina mfumo wa maji wa kuipoza. Inategemea upepo tu.

Betri ya Aqua na Prius ina feni ndogo inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na siti ya nyuma. Tundu hilo ndilo chanzo cha vifo vingi vya mapema. Vumbi la barabara za udongo, nywele na nyuzi za nguo hujaa kwenye feni. Au mtu anaweka gunia la kahawa, ndizi au mfuko wa nguo, anaziba kabisa. Betri inakosa hewa, inapata moto, na vipande vya katikati, visivyopata upepo vizuri, vinaanza kufa kwanza.

Kusafisha feni hiyo hakugharimu pesa nyingi, ni kazi ya saa moja au mbili. Fundi wa kawaida hataigusa usipomwambia, kwa kuwa kwenye IST haipo.

Kabla ya kulaumu betri kubwa, cheki ndogo. Haibridi ina pia betri ya kawaida ya volti 12, inayowasha kompyuta na taa. Hiyo ikifa, gari haliwaki kabisa na dashibodi inaweza kutoa alama za kutisha. Kuna watu wameuza haibridi kwa bei ya kutupa kumbe shida ilikuwa betri ya dukani.

"Nimebadilisha seli mbili tu"

Hii ni kauli ya kuogopa unapouziwa. Betri ya nikeli ikianza kusumbua, mara nyingi ni kipande kimoja au viwili vilivyozidi kuchoka. Fundi anaifungua, anatoa vibovu, anaweka vingine vilivyotolewa kwenye betri nyingine kuukuu. Taa ya onyo inazimika. Gari linauzwa wiki hiyo hiyo.

Vipande vyote vimefungwa mlolongo mmoja na vina umri mmoja. Ulichotoa ni kile kilichotangulia, na wenzake wako nyuma yake. Isitoshe, kipande ulichoweka hakilingani nguvu na vilivyobaki, hivyo kimoja kinajaa mapema na kingine kinaisha mapema. Baada ya miezi kadhaa taa inarudi. Matengenezo hayo si wizi kama mnunuzi anaelezwa na bei inaendana. Yanakuwa wizi anapoambiwa betri ni mpya.

Ukitaka kujua ukweli, simu yako inatosha pamoja na kifaa kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani. Programu ya Dr. Prius inasoma hali ya betri za haibridi za Toyota, na LeafSpy inasoma za Leaf. Kwenye haibridi, angalia volti za kila jozi ya vipande wakati gari linapanda kilima, si likiwa limesimama kwenye kivuli cha muuzaji. Jozi moja ikizama mbali na zenzake, umepata jibu. Kwenye Leaf, pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijisanduku 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Cha kwanza hupotea betri ikishapungua kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo Leaf yenye visanduku tisa imeshapoteza sehemu kubwa ya safari yake hata kama rangi inang'aa.

Dashibodi ikiongea Kijapani tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho, hilo si tatizo la betri. Utazoea.

Jambo moja si la mzaha: nyaya za rangi ya chungwa. Volti 144 au 201 za umeme wa moja kwa moja zinaua, na ndani ya inveta zinapandishwa hadi zaidi ya 500. Fundi mwenye ujuzi huchomoa plagi ya usalama ya betri, anasubiri angalau dakika 10 umeme uliobaki uishe, na anavaa glavu maalumu za umeme. Fundi anayeanza kufungua kwa bisibisi na mikono mitupu mbele yako, mwondolee gari.

Umeme wenyewe upo?

Miaka kumi na tano iliyopita swali hili lingechekesha. Songea na Mbinga ziliishi kwa majenereta ya dizeli. Kisha ikaja mitambo midogo ya maji: wa Andoya pale Mbangamao, na wa Tulila kwenye Mto Ruvuma uliojengwa na masista Wabenediktini wa Chipole. Laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako kupitia Madaba hadi Songea ndiyo iliyouingiza mkoa kwenye gridi ya taifa. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha mwaka 2024, na kwa mashine zote tisa uwezo wake ni megawati 2,115.

Kwa hiyo umeme kwenye gridi upo, na mwingi unatokana na maji na gesi asilia. Kinachosumbua ni hatua ya mwisho: kukatika wakati wa mvua na radi, na nyaya za ndani ya nyumba. Soketi ya kawaida inatoa kilowati mbili na kitu kwa usalama. Kuijaza Leaf uniti 20 ni usiku mzima, saa tisa au kumi, kwa waya mnene uliotoka moja kwa moja kwenye mita. Ekstensheni ya kuchajia simu itayeyuka. Waya unaokuja na gari kutoka Japani una plagi ya Japani, na kuikata ubandike nyingine bila fundi umeme ni kujitafutia moto.

Faida iko kwenye bei. Mteja wa kawaida wa TANESCO, si yule wa matumizi madogo, anapata uniti 28 kwa shilingi 10,000. Kilomita 100 kwa uniti 15 ni kama shilingi 5,400. Gari la petroli linalokula lita 8 kwa umbali huo, ukichukua lita kwa shilingi 3,000, linakula 24,000. Bei kikomo za mafuta ambazo EWURA hutangaza kila mwezi huwa juu zaidi Mbinga kuliko Dar es Salaam. Bei ya uniti ni moja nchi nzima.

Ya kesho ya Mbinga yalishauzwa Japani

Habari za betri mpya ni nyingi. Toyota imesema inalenga kuingiza sokoni betri isiyo na kimiminika ndani mwaka 2027 au 2028. CATL ya China imekuwa ikitengeneza betri za sodiamu tangu ilipozitangaza mwaka 2021, na sodiamu inapatikana hata kwenye chumvi ya mezani. BYD ilizindua betri yake ya Blade mwaka 2020, ya chuma na fosfeti, isiyohitaji nikeli wala kobalti, inayovumilia joto na kuchajiwa mara nyingi zaidi. Kwa hesabu za BloombergNEF, uniti moja ya betri ya lithiamu ilishuka kutoka zaidi ya dola 1,000 mwaka 2010 hadi dola 115 mwaka 2024.

Lakini gari linalofika Mbinga huwa limeshakaa Japani miaka kumi hivi, licha ya ushuru wa ziada ambao TRA hutoza kwa magari kuukuu. Ukitaka kujua kitakachouzwa hapa mwaka 2030, tazama kilichouzwa Japani mwaka 2018 au 2020: haibridi nyingi, za nikeli na za lithiamu ndogo, na Leaf za uniti 40. Hizo za uniti 40 ndizo za kwanza ambazo safari ya Songea na kurudi kwa siku moja inaanza kuingia akilini, betri ikiwa bado nzima. Betri isiyo na kimiminika, hata Toyota ikitimiza ahadi, ni habari ya miaka ya 2040 kwa mnunuzi wa mtumba.

Foleni hii inaweza kurukwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni magari mapya ya bei nafuu kutoka China. Ethiopia ililazimisha njia hiyo mwaka 2024 ilipozuia kuingiza magari ya petroli na dizeli. Ya pili ni pikipiki. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuwabadilishia madereva betri: unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaondoka, na betri si mali yako wala mzigo wako. Hilo linaondoa hofu ile ile ya "betri ikifa". Linahitaji vituo vingi na bodaboda wengi mahali pamoja. Mbinga mjini inaweza kufika huko. Bodaboda anayepakia magunia mawili ya kahawa kutoka Mapera kwenye utelezi wa masika atasubiri kidogo.

Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanayokwenda bandari ya Mtwara yatasubiri zaidi. Kwa tani zile na umbali ule, dizeli bado haijapata mpinzani barabarani.

Madini: kinywe kina nafasi kuliko nikeli

Tanzania haipo nje ya biashara hii. Kinywe, ile kaboni nyeusi ya penseli, ndiyo upande mmoja wa kila betri ya lithiamu, na kwa uzito huwa kingi kuliko lithiamu yenyewe. Kipo Mahenge, ambako serikali ina asilimia 16 katika kampuni ya Faru Graphite, na kipo Ruangwa. Ng'ambo ya ziwa, Malawi nao wanacho Kasiya. Nikeli ipo Kabanga, Ngara, chini ya Tembo Nickel, ambako pia serikali ina asilimia 16.

Aina ya betri itakayoshinda China inagusa migodi hii moja kwa moja. Betri za chuma na fosfeti zikizidi kutawala, Kabanga inapoteza sehemu ya soko la magari, wakati Mahenge na Ruangwa zinabaki salama kwa sababu betri hizo nazo zinataka kinywe. Za sodiamu zikishika kasi, hesabu inabadilika tena, maana nyingi hutumia kaboni ya aina nyingine.

Betri ikifa kweli

Betri ya Leaf iliyobaki na asilimia 60 haifai tena barabarani, ila ina uniti 14 ndani. Kwa nyumba yenye sola, hizo ni taa, redio, televisheni na jokofu dogo kwa siku kadhaa za mawingu, mradi fundi aweke kifaa cha kulinda kila seli isizidi wala kupungua chaji. Ya Aqua ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Thamani yake iko kwenye nikeli, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaojua hilo bado ni wachache.

Betri ya lithiamu iliyovimba, iliyotobolewa au kuzama kwenye maji haifunguliwi wala kuwekwa ndani ya nyumba. Inakaa nje, mbali na ukuta na mbali na magunia, mpaka mtu anayeijua aje kuichukua.